Sewa Haji na mabega ya wapagazi

Hotuba ya mwalimu mstaafu mbele ya wazee, wazazi na vijana, Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Wazee wangu, shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wajukuu zangu mliokaa chini pale ukutani, hamjambo?

Nashukuru kupewa nafasi. Jambo lenyewe mnalijua. Kuna ubao wa mninga upo kwa fundi seremala tangu mwezi uliopita. Umeshapigwa msasa, umeshatobolewa matundu ya misumari, ila haujaandikwa hata herufi moja. Ulikusudiwa kutundikwa hapa Mtaa wa India, uwaambie wapitao kwamba mtaani hapa aliishi na kufanya biashara mtu aitwaye Sewa Haji Paroo. Basi ikazuka kauli. Mzee wangu mmoja, ambaye namheshimu kama baba, alisema jina la mtu aliyewapa Wajerumani mali yake halitapanda kwenye ukuta wa Bagamoyo akiwa hai. Na dada yangu mmoja akasimama akamjibu huku machozi yanamtoka, kwamba mumewe alilazwa Muhimbili, wodi ya Sewahaji, akaingia amebebwa akatoka anatembea, na asiyetaka kulisoma jina hilo apite mtaa wa pili.

Wote wawili wapo hapa leo, na wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana niliomba nisiseme siku ile, nikakae kwanza nifikiri.

Nianze na mtu mwenyewe, maana nimegundua tunagombana juu ya jina bila kumjua mwenye jina. Wazazi wake walitoka Kutch, India, wakavuka na majahazi ya kaskazi kama walivyovuka wengine wengi. Walikuwa Makhoja wa Ismailia, Waislamu wa Kihindi. Yeye mwenyewe alizaliwa Unguja mwaka 1851. Familia ilikuwa na duka Unguja, ikafungua na hapa Bagamoyo, na huyu kijana akaachiwa biashara angali mdogo, hata miaka ishirini hajafika. Alifariki Unguja mwezi Februari 1897, akiwa hata miaka hamsini hajafika. Miezi miwili baadaye ndipo Sultani wa Unguja alipotia sahihi amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisiwani. Yaani maisha yake yote ya kazi yalikuwa ndani ya zama ambazo mtu aliweza kuwa mali ya mtu mwingine kwa mujibu wa sheria. Naomba tulishike hilo, tutalirudia.

Alikuwa akiuza nini? Watoto wakiniuliza, huwa nawaambia aliuza safari. Mtu akitaka kwenda bara, awe Mwarabu wa Tabora, awe Mzungu wa kutafuta vyanzo vya mito, awe padre anayekwenda Unyanyembe, alikuja hapa kwanza. Alihitaji merikani, ile nguo nyeupe iliyofumwa viwanda vya Massachusetts. Alihitaji kaniki, ushanga wa rangi zinazopendwa kule anakokwenda, maana rangi ikikosewa hununui hata kuku, na masango, nyaya za shaba. Bara hapakuwa na noti wala sarafu ya kumtosha kila mtu. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha, ndiyo chakula cha njiani, ndiyo hongo, yaani ushuru wa njia, ya kila mtemi ambaye msafara unapita kwake. Na fedha hizo zilikuwa nzito. Zilihitaji mabega.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, kilo 16 hivi. Basi mtu mmoja anabeba kilo thelathini na ushee, juu yake anaongeza mkeka wake, kibuyu chake, sufuria, na silaha yake kama anayo. Kutoka hapa hadi Tabora ni karibu kilomita 800, miezi mitatu ya kutembea ikiwa mvua haikufunga njia na ndui haikuingia kambini. Kisha anarudi na pembe. Pembe kubwa ya ndovu haigawanyiki kama robota la nguo. Inabebwa nzima, begani, na mtu mmoja mwenye nguvu. Kila mwaka watu kama hao walioingia na kutoka Bagamoyo walifika makumi ya maelfu. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na wengi walikuwa waungwana wanaofanya kazi ya ujira, wanaojivunia kazi hiyo; kijana wa Unyamwezi ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa ameshakuwa mwanamume kamili.

Baba wa bibi yangu alikuwa mmoja wao. Bibi alinisimulia kwamba baba yake alikuwa na nundu begani, upande wa kushoto, ngumu kama goti la ngamia, na alipokuwa mzee watoto walikuwa wakiishika kwa zamu jioni. Alibeba mizigo ya nani? Bibi hakujua. Alisema tu, "ya Wahindi na ya Wazungu." Alikuja na msafara, akabaki, akaoa Mkwere, na mimi ndiye huyu nimesimama mbele yenu. Kwa hiyo mkinisikia sauti inapanda, mjue sizungumzii watu wa vitabuni.

Sasa mtu wa kuwakusanya mabega hayo, kuyapangia bei na kuyakabidhi kwa mwenye safari, hapa Bagamoyo, kwa miaka mingi, alikuwa Sewa Haji. Alikuwa mkubwa kuliko wafanyabiashara wenzake wote wa kazi hiyo. Alinunua pembe zinazotoka bara, aliwauzia wasafiri bidhaa, na aliwapatia wapagazi. Kila mlango wa safari ulikuwa na mkono wake.

Yupo mtu aliyetuandikia habari za ujana wa Sewa Haji, naye ni Stanley, yule mwandishi wa gazeti la New York aliyekuja hapa mwanzoni mwa 1871 akielekea kumtafuta Livingstone. Stanley aliletwa kwake kwa barua ya Taria Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, na katika kitabu chake anamlalamikia kijana huyo kurasa kwa kurasa: wapagazi wamechelewa, hesabu zimevimba, nguo zimepungua. Ukimsoma Stanley utadhani Bagamoyo nzima ilikuwa na mwizi mmoja tu. Mimi namsoma kwa tahadhari. Huyu ni mtu ambaye kiboko hakikumtoka mkononi, na ambaye alikuwa na haraka iliyoua watu. Lakini vilevile siwezi kumtupa. Kijana wa miaka ishirini ambaye anaweza kumchosha Stanley kwa hesabu ni kijana anayeijua biashara, na anayejua kwamba mbele yake yupo mgeni asiyeweza kutoka mjini bila yeye.

Wazee wangu, nije kwenye lile linalouma.

Biashara ile ilikwenda kwa mkopo. Mfanyabiashara wa Kihindi alitoa nguo, ushanga, bunduki na baruti kwa mwenye msafara leo, akalipwa kwa pembe mwaka ujao au mwaka wa keshokutwa, na faida kubwa juu yake. Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na ukali wake wote, alitoka pwani na mali ya kukopa, ya huyo huyo Taria Topan. Wahindi walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, na tangu 1860 balozi Rigby kule Unguja aliwalazimisha wawaache huru watumwa waliokuwa nao. Hivyo mtu atasema: Sewa Haji asingeweza kumiliki mtumwa, mikono yake ni safi. Na mimi nasema: fungueni daftari lake kwa macho ya mtu mzima. Upande mmoja wa ukurasa imeandikwa merikani kadhaa, baruti kadhaa. Upande wa pili imeandikwa pembe, frasila kadhaa. Katikati ya pande hizo mbili kuna mstari mwembamba wa wino, na ndani ya mstari ule ndimo vilimopita vijiji vilivyochomwa Manyema, Kongo ya mashariki, ndimo walimopita wanawake waliofungwa minyororo ili pembe ipate mbebaji, ndimo walimopita watu waliofika Bagamoyo wakavushwa usiku kwenda Unguja hata baada ya Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Daftari halikuuliza pembe imepatikanaje. Daftari liliuliza uzito.

Simtuhumu kwamba alishika mnyororo. Sina ushahidi wa hilo na sitalisema. Nasema alikaa mahali ambapo faida ilifika ikiwa imeshaoshwa, na alikuwa mtu mwerevu kupita kiasi cha kudhani kwamba ilikuwa safi tangu mwanzo.

Kisha ikaja 1888. Kampuni ya Wajerumani ikapandisha bendera pwani, watu wetu wakakataa. Abushiri bin Salim akasimama Pangani na huku kwetu, Bwana Heri akasimama Saadani. Bagamoyo iliungua. Watu walikimbilia misheni kwa maelfu, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakawapokea bila kuuliza dini, hilo nalisema kwa shukrani mbele ya Baba Padre. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaja na askari wake wa Kisudani na mizinga, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Hapa kwetu pia walinyongwa watu. Pale ufukweni jiwe la kumbukumbu lipo na kila mmoja wetu amelipita. Bagamoyo ikawa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891.

Na ni kwa serikali hiyo, mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya kitanzi cha Pangani, ndipo Sewa Haji alipokabidhi jumba lake la ghorofa liwe shule. Mzee wangu hapo ndipo panapomchoma, na namwelewa. Mtu hawezi kusema alitoa bila kujua anampa nani. Jiwe la wanyongwaji na jumba la shule haviko mbali. Mtoto anatoka kimoja kwenda kingine kabla jasho halijamkauka.

Lakini, baba yangu, nisikilize na hili. Sharti aliloliweka lilikuwa kwamba shule ile isiwe ya rangi moja wala dini moja. Watoto wa Kihindi na watoto wa Kiafrika wakae darasa moja. Hilo katika mwaka 1892! Serikali ile ilikuwa inapanga watu kwa rangi kama bidhaa rafuni. Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, iliyokamilika 1897, mwaka aliokufa. Ilitibu Waafrika na Waasia, maana Wazungu walikuwa wanajengewa yao peke yao pale ufukweni, Ocean Road. Na wosia wake ulitoa mali zake ili mapato yawahudumie wagonjwa na wakoma. Wakoma, ndugu zangu. Watu ambao jamaa zao wenyewe waliwapelekea chakula kwa kijiti kirefu. Hospitali ile ilifanya kazi mpaka 1956, ilipojengwa mpya Muhimbili ikaitwa Princess Margaret, na baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jina la Sewahaji likahamia kwenye wodi. Na nani yuko jirani yake? Kibasila. Jumbe wa Uzaramo ambaye Wajerumani walimnyonga kwa ajili ya Maji Maji. Mgonjwa anahamishwa kutoka Kibasila kwenda Sewahaji, au kutoka Sewahaji kwenda Kibasila, machela inasukumwa ukumbini, na hakuna anayeshtuka. Taifa letu limewalaza majirani mtu aliyenyongwa na serikali ile na mtu aliyeipa mali. Mimi nilipolitambua hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi pale, nikisubiri daktari atoke kwa mdogo wangu, nilisahau hata kwamba nilikuwa na njaa.

Kuna wanaosema: alitoa kwa sababu ya kutubu. Wengine wanasema alitoa ili Wajerumani wasimguse katika biashara. Kwa imani ya jamaa zake, kutoa ni wajibu, tajiri hasubiri kuombwa. Huenda ikawa ndiyo sababu yote. Moyo wa mtu ni kiza, na huyu amekufa zamani, hakuacha barua ya kutufungulia moyo wake. Sitaupima. Ninachoweza kupima ni hiki: fedha ilitoka wapi, na ikaenda wapi. Ilitoka mabegani. Ikaenda kwa wagonjwa na watoto. Kati ya hapo na hapo palikuwa na mtu mmoja, na yeye peke yake ndiye aliyebaki na jina.

Hapo ndipo mimi ninapopiga magoti. Hapo ndipo pananinyima usingizi.

Nilifundisha miaka thelathini na minne. Mwaka mmoja, darasa la sita, nilikuwa nawasomesha watoto habari za Bagamoyo, nikafika kwa Sewa Haji, nikasema aliyojenga. Mtoto mmoja wa nyuma, mtoto wa mvuvi, mpole, hakuwa hata na mazoea ya kunyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hela za kujengea alizipata wapi?" Nikasema, "Kwa biashara." Akauliza, "Ya nini?" Nikawaambia wafungue vitabu vya hesabu. Nilikuwa na muhtasari wa kumaliza na mkaguzi alikuwa anakuja wiki ile. Mtoto yule alikaa chini. Hakuuliza tena mwaka mzima. Leo ni baba wa watu wazima, na kila nikimwona sokoni anapaki samaki kwenye barafu ananiamkia kwa heshima, nami naona deni langu. Hotuba hii namlipa yeye.

Kwa hiyo wale mnaosema jina liandikwe kwa rangi ya dhahabu, "mfadhili mkuu", mwisho, nukta: hapana. Mkiandika hivyo mmemfanyia yule mtoto kile kile nilichomfanyia mimi.

Na wale mnaosema jina lisiandikwe kabisa: hapana pia, na sababu yangu inaweza kuwashangaza. Wapagazi hawakuandika. Baba wa bibi yangu hakuwa na cheti, wala kaburi lenye jina, wala picha. Mahali pekee ambapo watu kama yeye walitajwa ni kwenye hesabu za mwenye mali: wapagazi kadhaa, riale kadhaa, yaani fedha ya wakati ule, wametoroka kadhaa, wamekufa kadhaa. Tukilifuta jina la mwenye daftari, tumelifunga na daftari lenyewe. Tutabaki na mji mzuri wenye milango ya nakshi, watalii wakipiga picha, na hakuna atakayeuliza milango hii ilinunuliwa kwa nini. Mimi namtaka Sewa Haji abaki ukutani ili watu waulize.

Kuna na neno jingine nililolisikia, limesemwa kwa chini chini, nami nalisema kwa sauti: kwamba ni mgeni, ni Mhindi. Nani Bagamoyo si mgeni? Wanyamwezi walikuja na mizigo. Wamanyema walikuja wengine na mizigo na wengine na minyororo. Washihiri, Waarabu wa Omani, Wagoa, Wabaluchi, wote wameshuka ufukweni hapa. Ukiwataka wasiokuja kutoka popote, nenda Kaole kwenye makaburi ya kale, na hao nao misikiti yao inaonyesha mkono wa watu wa ng'ambo. Sewa Haji alizaliwa Unguja. Tumhukumu kwa pembe zake na kwa mikopo yake, lakini tusimhukumu kwa Kutch.

Na Baba Padre asinichukie nikigusa upande wake kidogo. Mji huu haujawahi kuitenganisha dini na biashara kama tunavyopenda kujisimulia. Misheni ilianza 1868, na mapadre waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Riale zilitoka mfukoni mwa kanisa zikaingia mfukoni mwa muuza watu. Wale waliokombolewa wakajengewa kijiji, wakalima mashamba ya misheni, na mnazi ulikuwa mnazi wa misheni. Mapadre Weupe waliondoka hapa 1878 na msafara wa wapagazi kama msafara wowote wa pembe. Mwaka huo huo alikuja Mwairish mmoja, Charles Stokes, akiwa mtu wa kanisa la Kianglikana. Miaka michache baadaye ameacha kazi ya misheni, ni mfanyabiashara wa pembe na bunduki, mume wa binti wa ukoo wa watemi wa Unyamwezi, na Januari 1895 Wabelgiji wakamnyonga Kongo bila kesi ya maana. Yeye alitoka kanisani akaenda dukani. Sewa Haji alianza dukani, na mwishoni akawa kama mzee wa sadaka wa mji mzima. Njia hiyo ilikuwa moja, na watu walikutana katikati.

Nakumbuka pia mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874. Watalii wote wanaujua. Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili ule kutoka kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, miezi mingi njiani, mbele ya hatari zisizohesabika. Hao walikuwa nini? Walikuwa wabeba mizigo. Majina yao tunayajua kwa sababu mzigo wao ulikuwa Mzungu maarufu. Waliobeba pembe hatuwajui.

Haya, nakuja kwenye ubao.

Nimeandika maneno, na nitayasoma. Si marefu kwa sababu fundi amesema ubao unachukua mistari sita tu:

"Hapa Mtaa wa India alifanya biashara Sewa Haji Paroo, 1851 hadi 1897. Alinunua pembe za ndovu na kukodisha wapagazi. Mali yake ilibebwa na mabega ya maelfu ya watu wa bara ambao majina yao hayakuandikwa, na pembe nyingi za wakati ule zilipita katika damu na utumwa. Alitoa jumba liwe shule ya watoto wa rangi zote na dini zote, na fedha za hospitali."

Najua mzee wangu atasema neno "Wajerumani" halimo. Ni kweli. Nilikuwa nalo kwenye mstari wa tano, nikaliondoa, nikalirudisha, nikaliondoa tena usiku wa jana. Nilihofia likikaa pale litawafanya wasomaji wamwone kibaraka tu wasifike mwisho. Sasa nikiwa nimesimama hapa naona nilikosea kuliondoa. "Aliikabidhi serikali ya Wajerumani jumba liwe shule." Liwe hivyo. Baba, nimelirudisha.

Dada yangu naye atasema hakuna neno la shukrani. Nimelitafuta. Kila nilipoandika "tunashukuru" nilijiuliza tunamshukuru nani, na kalamu ikagoma, maana nikimshukuru yeye bila baba wa bibi yangu nitakuwa nimemtukana bibi. Lakini ukisema tuandike "Wagonjwa wengi walipona kwa fedha hiyo," hilo nitakubali, kwa sababu mumeo yule pale amekaa, na mguu wake naujua. Ila hapo itabidi tufute kitu kingine ili mistari ipate nafasi, na sijui tufute nini. Nisaidieni.

Na jambo la mwisho. Chini ya maneno nimemwomba fundi achonge kitu kidogo, kisicho herufi. Bega. Bega la mtu na juu yake ncha ya pembe. Kijana wake mmoja amesoma sanaa hapa chuoni TaSUBa, amenichorea kwenye karatasi, hii hapa, ipitisheni kwa watu. Nilimweleza ile nundu ya upande wa kushoto, ameiweka. Tazameni vizuri.

Fundi anaanza kuandika Jumatatu baada ya swala ya alfajiri. Ninaomba kabla hatujatoka hapa tukubaliane ule mstari unaofutwa ni upi. Karibu, mzee wangu, anza wewe.